Je, Ardhi Yetu Inaita Mvua au Inaifukuza?

Ndugu mkulima wa skimu, ukiwa Entarara au penginepo katika Kajiado, hapana shaka umesikia jambo hili likibishaniwa mnadani, kanisani na kwenye foleni ya maji. Mmoja husema, "Tumekata miti, tumemaliza majani, ndiyo sababu mvua imetukimbia." Mwingine humjibu, "Mvua ni ya Mungu na hutoka baharini. Miti yako haina neno." Kila mmoja wao ameshika sehemu ya kweli, na kila mmoja ameiacha sehemu nyingine.

Ubishi huu si wa kupitisha wakati tu. Mwenye kuamini neno la kwanza peke yake atapanda miti 50 kisha akae akitazama mbinguni, na mvua isipokuja atakata tamaa na kuiacha miche ife. Mwenye kuamini neno la pili peke yake ataiacha ardhi yake uchi, kwa kuwa haoni faida ya kuivika. Na wote wawili hawatausikiliza utabiri wa hali ya hewa unaposomwa katika redio. Hali kila majira mkulima ana mambo ya kuamua kabla ya tone la kwanza: anunue mbegu kiasi gani, auze fahali yupi sasa angali mnene, aweke majani ya ng'ombe au asiweke. Ng'ombe aliyeuzwa kwa wakati hulipa karo ya shule. Ng'ombe aliyekufa kwa njaa humwachia mwenyewe ngozi tu.

Basi yafaa tuyapange mambo haya moja baada ya jingine, tuone lipi ni la bahari, lipi ni la ardhi, na lipi ni lako wewe mwenye shamba.

MVUA YETU HUTOKA WAPI

Mvua ya Kajiado, sehemu yake kubwa, huanza katika Bahari ya Hindi. Jua hupasha maji, mvuke hupanda, na upepo huuleta bara. Miezi fulani huvuma Kaskazi, na miezi mingine huvuma Kusi. Pepo hizi mbili zinapobadilishana zamu ndipo tunapopata mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba.

Kwa hiyo hali ya bahari ndiyo inayotangulia. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ukiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukiwa umepoa, mvua fupi mara nyingi huwa nyingi. Mambo yakigeuka, huwa haba. Hata Bahari ya Pasifiki iliyo mbali sana nasi ina neno lake. Ikipata joto, hali iitwayo El Niño, mara nyingi mvua fupi huongezeka kwetu. Ikipoa, hali iitwayo La Niña, mara nyingi hupungua.

Tazama miaka iliyopita. Ukame wa 1960 na 1961 uliua ng'ombe wengi mno katika nchi ya Wamaasai. Kisha mwishoni mwa 1961 ikaja mvua kubwa, hata Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 1 katika muda mfupi. Mwishoni mwa 1997, bahari zote mbili zilikuwa na joto, na mafuriko ya El Niño yakavunja madaraja Kenya nzima. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto jingi, tukapata mvua kubwa tena. Halafu ikaja La Niña ya miaka 3 mfululizo, na kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 majira 5 ya mvua yalikatika moja baada ya jingine katika sehemu kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia. Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikarudi, na mafuriko pamoja nayo.

Katika miaka hiyo yote hakuna aliyekata miti usiku mmoja na kuirudisha asubuhi. Mvua ya mwaka 2023 haikuja kwa sababu ardhi ilikuwa imevikwa. Ilikuwa kavu na tupu baada ya ukame. Basi yule wa pili katika ubishi wetu ana haki hapa: mwaka wa mvua na mwaka wa ukame huamuliwa kwanza na bahari.

JUA LINA KAZI MBILI

Lakini jambo halikuishia hapo. Mvuke ukiisha kuletwa, huteremka wapi kuwa mvua? Hapo ndipo ardhi inapoingia.

Joto la jua linapofika chini lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupasha ardhi na hewa iliyo juu yake. Kazi ya pili ni kugeuza maji ya udongo na ya majani kuwa mvuke. Kazi hii ya pili hula joto jingi sana. Joto linalotumika kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke lingetosha kuchemsha sufuria 7 za lita moja moja, kutoka maji baridi mpaka yatokote. Ndiyo maana chini ya mti wenye majani mabichi pana ubaridi, lakini kwenye uwanja mtupu miguu huungua.

Ardhi iliyovikwa majani na yenye unyevu hutumia joto kwa kazi ya pili, na hewa iliyo juu yake hupata mvuke. Ardhi kavu iliyo uchi haina maji ya kugeuza. Joto lote huenda katika kazi ya kwanza. Hewa huwa ya moto na kavu, umande hupungua, na wingu dogo hupata taabu kukua.

Mambo ya ardhi huonekana wazi hapa nyumbani. Mvua ya mwaka katika bonde la Amboseli ni kiasi cha milimita 300 tu, yaani inchi 12. Lakini kwenye milima ya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro huweza kufika milimita 1,250, yaani inchi 50. Bahari ni ile ile na upepo ni ule ule. Mlima umeilazimisha hewa kupanda, ikapoa na kudondosha mvua. Bonde halikufanya hivyo. Vile vile Ziwa Victoria: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na kujenga mawingu ya Kericho, na usiku hurudi na mvua hunyesha ziwani. Kiasi cha sehemu 80 katika kila 100 za maji yanayoingia ziwa hilo ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe.

FUNDISHO LA SAHEL

Lakini mlima na ziwa hazikufanywa na mikono ya watu. Je, majani yakiliwa yote na ng'ombe, au msitu ukikatwa, mvua ya nchi nzima hubadilika?

Swali hili liliulizwa sana baada ya ukame mkubwa wa Sahel, nchi zilizo kusini ya jangwa la Sahara, katika miaka ya 1970. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Jule Charney, alieleza ya kuwa majani yakimalizwa, ardhi nyeupe hurudisha mwanga wa jua juu, hewa hushuka badala ya kupanda, na mvua hupungua. Mvua ikipungua majani nayo hupungua zaidi. Watu wengi walichukua maneno hayo na kuwatupia wafugaji lawama yote.

Baadaye, mwaka 2003, wataalamu wengine walionyesha kwa kompyuta ya kuwa ukame ule ulianzishwa hasa na joto la bahari. Hata hivyo hawakusema ardhi haina kazi: bahari ilianzisha, na ardhi ikalikuza jambo. Mwaka 2004 wataalamu walilinganisha hesabu za kompyuta za aina 12, wakatafuta mahali ambapo unyevu wa udongo una nguvu zaidi juu ya mvua katika miezi ya Juni hadi Agosti. Sahel ilionekana, pamoja na Afrika ya ikweta, India, na mbuga za katikati ya Marekani. Hizi ni nchi zilizo kati na kati, si jangwa wala si msitu wa mvua daima.

Wala usidhani jambo hili ni rahisi kama kuwasha taa. Mwaka 2011 wachunguzi wa Sahel walitumia picha za setilaiti wakaona ya kuwa mawingu ya radi mara nyingi huanza kukua pale ardhi kavu inapopakana na ardhi iliyolowa. Kwa hiyo jirani aliyekosa mvua juzi huenda akapata leo.

MTI WAKO NA MVUA YA MWENZAKO

Sasa tuje kwa yule wa kwanza katika ubishi. Wataalamu wamekadiria ya kuwa, kwa kuzichukua nchi zote za dunia pamoja, kiasi cha sehemu 40 katika kila 100 za mvua inayonyesha nchi kavu zilitokana na mvuke wa nchi kavu, si wa baharini moja kwa moja. Maji hunyesha, hunywewa na mizizi, hutoka katika majani, na hunyesha tena mbele ya safari.

Lakini mbele ya safari ni wapi? Upepo wetu mkubwa huvuma kutoka mashariki. Mvuke unaotoka Afrika ya Mashariki huchukuliwa kuelekea magharibi, na sehemu yake huinyeshea Kongo. Mti wako wa Kajiado basi waweza kumnyeshea mtu usiyemjua. Sisi tuko karibu na bahari, na mvuke wetu mwingi ni wa bahari hiyo.

Kwa sababu hii usimwamini mtu akuambiaye kwamba ukipanda ekari moja ya miti, ekari hiyo itapata mvua zaidi. Miti na majani huweza kugusa mvua ikiwa ni ya nchi pana, kaunti baada ya kaunti. Isipokuwa mahali pamoja: misitu ya mlimani yenye ukungu. Huko matawi hunasa ukungu na kuudondosha chini kama mvua, nayo ardhi ya msitu huyahifadhi maji. Chemchemi zilizo chini ya Kilimanjaro, zinazolisha mabwawa ya Amboseli na bomba la Nol-Turesh, hutegemea maji ya mlima ule. Anayechoma msitu wa juu humkausha aliye chini.

UDONGO UNA KUMBUKUMBU

Mabwana wa hali ya hewa huutazama udongo kwa sababu nyingine. Hewa husahau upesi: upepo wa leo hauwezi kukuambia upepo wa mwezi ujao. Bahari hukumbuka kwa miezi mingi, maana hupata joto polepole na kupoa polepole. Udongo uko katikati; ukilowa sana, au ukikauka sana, hukumbuka kwa majuma kadhaa, na pengine kwa mwezi au miwili. Kwa hiyo hesabu za kutabiri majira huanza kwa kuipa kompyuta hali ya bahari na pia hali ya udongo. Setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 2009 na ya Marekani iliyorushwa 2015 zilijengwa kwa kazi hii ya kupima unyevu wa udongo, ingawa hupima inchi 2 za juu tu.

Fahamu pia ya kuwa majira mawili yetu hayatabiriki sawasawa. Mvua fupi hufuata bahari kwa karibu, kwa hiyo utabiri wake mara nyingi ni mzuri. Mvua ndefu ni ngumu zaidi, kwa sababu hufuata mambo mengi, likiwamo kundi la mawingu na pepo linalozunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Hili ni neno jema kwa watu wa upande wa Loitokitok, ambako mvua fupi ndiyo kubwa: mvua mnayoitegemea ndiyo inayotabirika. Watu wa upande wa Ngong, ambao hutegemea zaidi mvua ndefu, wasikilize pia utabiri wa kila juma, wasingoje ule wa majira peke yake.

NAMNA YA KUUSIKILIZA UTABIRI

Kabla ya kila majira, wataalamu wa nchi za pembe hii ya Afrika hukutana kulinganisha hesabu zao. Mikutano hiyo ilianza 1998, na kituo kinachoiongoza, ICPAC, kiko Ngong, humu humu Kajiado. Kisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa nchi, na ofisi yake ya kaunti huuleta karibu nasi.

Utabiri huo hausemi, "Mvua itanyesha tarehe fulani." Husema juu ya mafungu 3: mvua kupita kawaida, mvua ya kawaida, na mvua chini ya kawaida. Tuseme umeambiwa nafasi ya mvua chini ya kawaida ni 50 katika 100, ya kawaida 30, na ya kupita kawaida 20. Maana yake, katika miaka 10 ya namna hiyo, miaka 5 itakuwa mikavu, lakini miwili itakuwa na mvua nyingi. Ikija mvua nyingi mwaka huo, usiseme serikali imedanganya. El Niño ya 2015 ilikuwa kubwa, lakini mvua yake kwetu haikufika ile ya 1997. Na mwaka 1961 mafuriko yalikuja bila El Niño.

Basi mkulima mwenye busara haweki mali yote upande mmoja:

1. Ukiambiwa nafasi ya ukame ni kubwa, uza mapema wanyama wachache wasio na kazi, wangali na nyama. Panda sehemu kubwa zaidi ya mazao yanayokomaa upesi, kama mtama, pojo na maharagwe, na punguza mahindi ya muda mrefu.

2. Ukiambiwa nafasi ya mvua nyingi ni kubwa, zibua mitaro, imarisha kingo za silanga, panda majani ya kukata, na chanja mifugo kabla ya matope.

3. Kwa vyovyote, usipande mbegu yote kwa sababu ya manyunyu ya kwanza. Chimba kwa jembe mahali pawili au patatu. Kama unyevu umeishia juu juu, ngoja.

INCHI MOJA YA MVUA NI MALI

Sasa lililo mkononi mwako. Mvua ya inchi 1 ikinyesha juu ya ekari moja huleta maji kiasi cha lita 100,000. Watu wa Kitengela wanaonunua maji kwa lori wanaijua hesabu hii: ni malori 10 ya lita 10,000, yaliyoletwa mlangoni bila malipo. Je, malori mangapi yamebaki shambani mwako, na mangapi yameteremka korongoni na udongo wako wa juu?

Ardhi iliyo uchi hupigwa na matone hata ngozi yake ya juu ikafungika, na maji hupita mbio. Udongo wetu mweusi wa mbugani hupasuka wakati wa kiangazi, na maji ya kwanza huingia katika nyufa. Kisha huvimba na kuziba, na maji hutuama au hutoroka. Dawa ni kuivika na kuizuia. Usichome mabua, yatandaze. Tenga olopololi ya ndama na uiache ipumzike kweli. Huko Kuku, kati ya vilima vya Chyulu na Loitokitok, wenyeji wamechimba vishimo vya nusu mwezi kwenye ardhi iliyokuwa tupu, vikashika maji, na majani yakarudi. Jirani zetu wa Machakos wana matuta ya fanya juu.

Habari ya Machakos yafaa kukumbukwa. Miaka ya 1930 wakaguzi waliiandika kuwa nchi inayokwisha kwa mmomonyoko. Uchunguzi uliochapishwa 1994 ulionyesha ya kuwa watu waliongezeka mara 5 na zaidi katika miaka 60, lakini mmomonyoko ulipungua na mazao yakaongezeka. Sababu si kwamba mbingu za Machakos zilibadilika. Watu waliyashika maji waliyopewa.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo twaweza kuiona dalili hiyo miezi 2 au 3 mbele, kwa kuitazama bahari na udongo. Bahari huwezi kuiamrisha, na utabiri huwezi kuugeuza. Lakini mvua ikiisha kufika mpakani mwa shamba lako, ibaki au ipite, hilo ni shauri lako. Kabla ya majira yajayo, pitia ofisini kwa bwana shamba uulize utabiri wa kaunti. Kisha rudi nyumbani, chukua jembe, uanze kuchimba vishimo kabla ya wingu la kwanza.